Jeshi la Anga la Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa historia, na wapenzi wa ndege, na mara nyingi na watu wa Malindi, Wajir au Nyeri, ambao wameishi na alama za Waitalia bila kuelezwa zilitokana na nini. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo jambo linatuhusu sisi Waafrika, na kwa ufupi pale ambapo maneno machache yanatosha. Sifa nimezitaja, na aibu pia.

Italia ilianza lini kutumia vyombo vya angani jeshini?

Mwaka 1884, na vyombo hivyo vilikuwa maputo. Jeshi la nchi kavu lilifungua kitengo kidogo cha maputo mjini Roma. Miaka michache baadaye, katika kampeni ya 1887 na 1888, maputo yakapelekwa Eritrea, na askari wakapandishwa juu yakiwa yamefungwa kamba ili wachungulie majeshi ya Wahabeshi yako wapi. Kwa hiyo hata kabla ya ndege kubuniwa, macho ya Waitalia angani yalikuwa yameshaelekezwa Afrika.

Ndege yenye injini ilifika Aprili 1909. Wilbur Wright mwenyewe alikuja Roma, akarusha ndege yake kwenye uwanja wa Centocelle, na kumfundisha Mario Calderara, rubani wa kwanza wa Italia. Calderara alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Liweke hilo akilini, maana baadaye mabaharia walinyang'anywa ndege kabisa, na jambo hilo liliwagharimu.

Ni kweli kwamba bomu la kwanza kutoka kwenye ndege lilidondoshwa Afrika?

Ni kweli. Septemba 1911 Italia iliingia vitani na dola ya Waosmani, yaani Waturuki, ikitaka kuitwaa Libya. Ilipeleka Tripoli ndege tisa na marubani kumi na mmoja. Tarehe 23 Oktoba 1911 Kapteni Carlo Piazza alipaa kwa ndege aina ya Blériot akaenda kutazama kambi za adui, na hiyo ndiyo safari ya kwanza ya upelelezi kwa ndege katika vita.

Siku tisa baadaye, tarehe 1 Novemba, Luteni Giulio Gavotti alipaa kwa ndege aina ya Etrich Taube akiwa na mabomu manne madogo, kila moja likikaribia uzito wa kilo mbili, akiyachukua ndani ya mfuko wa ngozi. Mkono mmoja uliendesha ndege na mwingine uliandaa bomu. Aliyadondosha juu ya Ain Zara na Tagiura, karibu na Tripoli. Waosmani walilalamika kwamba hospitali ilipigwa, Waitalia wakakana, na magazeti ya Ulaya yakabishana iwapo ni halali kumpiga mtu kutoka juu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1849 Waaustria walirusha maputo yasiyo na watu yakiwa na mabomu kuelekea Venezia. Basi Waitalia walikuwa wameshaonja kitisho cha kitu kinachotoka mbinguni kabla ya wao kukipeleka kwa wengine. Sidhani kama wanavijiji wa Ain Zara waliwahi kuambiwa kwamba wao ndio waliotangulia kupatwa na yale yaliyoikuta miji mingi ya dunia miaka iliyofuata.

Giulio Douhet ni nani, na kwa nini jina lake halikosekani katika vyuo vya kijeshi?

Douhet alikuwa ofisa wa jeshi la nchi kavu aliyeongoza kikosi cha kwanza cha warushaji ndege cha Italia. Alishikilia kwamba vita vijavyo vitaamuliwa angani, kwa ndege nyingi za mabomu zitakazopiga miji na viwanda mpaka wananchi wenyewe waishurutishe serikali yao isalimu amri. Alimsaidia mhandisi Gianni Caproni kujenga ndege kubwa za mabomu zenye injini tatu. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika waraka mkali wa kuwalaumu makamanda, akafungwa jela mwaka mzima. Baadaye heshima yake ilirejeshwa, na mwaka 1921 akatoa kitabu chake "Il dominio dell'aria", yaani utawala wa anga.

Kitabu hicho kilisomwa Ulaya na Marekani. Kwa maoni yangu Douhet alikosea katika lile jambo kubwa kuliko yote. Miji iliyopigwa mabomu haikusalimu amri haraka kama alivyotabiri. Watu walizika maiti zao na kuendelea. Hata hivyo fikra yake iliua raia wengi kuliko fikra ya mwanajeshi mwingine yeyote ninayemfahamu wa zama zake.

Je, farasi wa magari ya Ferrari alitoka kwa rubani wa kivita?

Naam. Francesco Baracca, rubani wa Italia aliyeangusha ndege nyingi kuliko wenzake katika Vita Kuu ya Kwanza (34), alikuwa amechora farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma ubavuni mwa ndege yake. Alitoka katika jeshi la wapanda farasi. Aliuawa tarehe 19 Juni 1918 karibu na kilima cha Montello. Miaka mitano baadaye mama yake alimwambia Enzo Ferrari, wakati huo kijana dereva wa mashindano, achukue alama ile imletee bahati.

Na ile safari ya Vienna?

Tarehe 9 Agosti 1918 mshairi Gabriele D'Annunzio aliongoza ndege za kikosi cha 87 hadi juu ya Vienna, mji mkuu wa adui, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwenda na kurudi. Walidondosha vipeperushi badala ya mabomu.

Jeshi la anga lilijitenga lini na majeshi mengine?

Tarehe 28 Machi 1923, kwa jina la Regia Aeronautica, yaani jeshi la anga la kifalme. Mussolini alikuwa na miezi mitano tu madarakani, na ndege zilimfaa sana: ni kitu kipya, chenye kelele, kinachotazamwa na umati. Mwaka huohuo kilianzishwa chuo cha maofisa, ambacho leo kiko Pozzuoli karibu na Napoli.

Aliyelijenga jeshi hilo hasa ni Italo Balbo, waziri wa anga kuanzia 1929 hadi 1933. Mwaka 1931 aliongoza kundi la ndege zinazotua majini kuvuka Atlantiki mpaka Brazil. Mwaka 1933 akarudia kwa kundi kubwa zaidi, ndege aina ya Savoia-Marchetti S.55, kutoka Orbetello hadi Chicago. Mji huo ulimpokea kama mfalme, na hadi leo una barabara yenye jina lake. Mwaka uliofuata Francesco Agello aliirusha ndege ya majini Macchi MC.72 kwa kilomita 709 kwa saa juu ya ziwa Garda, na hakuna ndege ya majini ya injini za pistoni iliyowahi kuipita.

Balbo mwenyewe aliuawa tarehe 28 Juni 1940 juu ya Tobruk, ndege yake ikitunguliwa na mizinga ya Waitalia wenzake kwa kudhaniwa ni ya adui.

Ndege za Italia zilifanya nini Ethiopia?

Hili ndilo swali ambalo halipaswi kujibiwa kwa haraka.

Vita vilianza tarehe 3 Oktoba 1935, na siku hiyohiyo Adwa ilipigwa mabomu. Italia ilikuwa na mamia ya ndege. Ethiopia ilikuwa na ndege chache za kubebea abiria na barua, nyingi zikiwa chakavu, chini ya uongozi wa John Robinson, Mmarekani mweusi aliyejifunzia urubani Chicago. Mji uleule uliompigia makofi Balbo mwaka 1933 ulimtoa pia mtu aliyekwenda kusimama upande wa waliovamiwa. Jina la Robinson linastahili kujulikana Afrika Mashariki kuliko linavyojulikana sasa.

Tarehe 6 Desemba 1935 ndege zilishambulia Dessie, Mfalme Haile Selassie akiwemo mjini. Tarehe 30 Desemba hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden, iliyokuwa kwenye mahema huko Malka Dida, ilipigwa mabomu.

Na kulikuwa na gesi. Kuanzia Desemba 1935 ndege zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali, na baadaye zikainyunyiza kama mvua, juu ya askari, wakulima, mifugo na mito ya kunywa. Gesi hiyo huunguza ngozi, macho na mapafu, na askari wengi wa Ethiopia walitembea peku. Italia ilikuwa imesaini na kuridhia mapatano ya Geneva ya 1925 yaliyopiga marufuku sumu hiyo. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Ushirika wa Mataifa mjini Geneva akaeleza jinsi ndege zilivyopita zikinyunyiza mauti juu ya watu wake. Waandishi wa habari wa Kiitalia walimzomea ukumbini.

Kwa miaka mingi baada ya vita kulikuwa na watu Italia, wenye vyeo na majina, waliokana kwamba gesi ilitumika. Ilikuwa mwaka 1996, miaka sitini baadaye, ndipo wizara ya ulinzi ya Italia ilipokiri rasmi. Ukisoma historia ya jeshi hili iliyopambwa kwa picha za Balbo na Baracca bila ukurasa wa Ethiopia, ujue umesoma nusu.

Je, Kenya iliwahi kushambuliwa?

Ndiyo. Italia iliingia Vita Kuu ya Pili tarehe 10 Juni 1940, ikiwa inashikilia Ethiopia, Eritrea na Somalia. Siku chache tu baadaye ndege zake za Caproni zilipiga Wajir. Oktoba mwaka huohuo Malindi nayo ikadondoshewa mabomu. Madhara hayakuwa makubwa ukilinganisha na ya kwingineko, lakini kwa watu wa pwani waliokuwa hawana ugomvi na Roma, ndivyo vita vya Wazungu vilivyowashukia nyumbani.

Kamanda wa majeshi yote ya Italia katika Afrika Mashariki alikuwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, binamu wa mfalme, naye alikuwa rubani na jenerali wa jeshi la anga. Alisalimu amri Amba Alagi Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita, akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Amezikwa Nyeri pamoja na askari wake, ndani ya kanisa la kumbukumbu la Waitalia. Wanaopita hapo na kujiuliza kwa nini Waitalia wengi hivyo wamelala chini ya Mlima Kenya, jibu ni hilo.

Kwa nini jeshi lililokuwa na sifa hivyo lilishindwa vibaya?

Sifa zilikuwa za rekodi na gwaride. Ndege moja iliyotengenezwa kwa mkono ili ivunje rekodi ya kasi haikufundishi kutengeneza elfu moja zinazofanana. Mwaka 1940 ndege ya kupigania iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa Fiat CR.42, yenye mabawa mawili juu na chini na chumba cha rubani kilicho wazi, wakati Waingereza wakirusha Spitfire. Injini za Kiitalia zilikuwa dhaifu; hata ndege ya kupigania Macchi C.202, iliyokuja 1941 na kupendwa na marubani, ilipata nguvu yake kwa injini iliyobuniwa na Wajerumani. Vita vya Ethiopia na vya Hispania vilikuwa vimekula fedha na vifaa. Marubani hawakukosa ushujaa. Mario Visintini, aliyefia Eritrea Februari 1941, alipambana vikali kwa CR.42 hiyohiyo. Ila ushujaa hauongezi nguvu ya injini.

Ilikuwaje baada ya 1943?

Tarehe 8 Septemba 1943 Italia ilitangaza kuacha vita, na jeshi la anga likapasuka katikati. Marubani waliokuwa kusini walipigana upande wa Uingereza na Marekani. Kaskazini wengine wakaendelea na Mussolini na Wajerumani. Mwaka 1946 ufalme ulifutwa kwa kura, na Juni hiyo jeshi likapewa jina linalotumika mpaka leo, Aeronautica Militare. Mkataba wa amani wa Paris wa 1947 uliliwekea mipaka: ndege 200 za kupigana na upelelezi, 150 za uchukuzi na kazi nyingine, watu 25,000, na ndege za mabomu marufuku. Italia ilipojiunga na NATO mwaka 1949, mipaka hiyo ilipoteza nguvu haraka.

Ni kitu gani kilitokea Kindu?

Wasomaji wa Kongo huuliza hili, na wana haki, kwa kuwa Kindu ni mji wao, ukingoni mwa Lualaba, katika Maniema ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani.

Novemba 1961 Umoja wa Mataifa ulikuwa Kongo kujaribu kuzuia nchi isigawanyike. Italia haikutuma askari wa kupigana. Ilituma ndege za mizigo aina ya C-119 kutoka brigedi ya 46 ya Pisa. Tarehe 11 Novemba ndege mbili zilitua Kindu zikiwaletea vifaa askari wa Malaya waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Wafanyakazi wake walikuwa kumi na watatu, wakiongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani na Kapteni Giorgio Gonelli. Walikwenda kula chakula cha mchana. Askari wa Kikongo waliokuwa mjini, wakiwa wamejaa hasira na hofu, walidhani hao ni Wabelgiji au mamluki wa Katanga, jimbo lililotaka kujitenga. Waliwakamata na kuwaua wote.

Miili ilipatikana miezi kadhaa baadaye ikarudishwa Pisa, ambako imehifadhiwa katika jengo la kumbukumbu lenye jina la Kindu. Watu hawa walikufa kwa sababu ya makosa ambayo hawakuyatenda wao. Naamini mtu anaweza kuyalilia ya Ethiopia na ya Kindu kwa moyo mmoja, bila kutumia msiba mmoja kuufuta mwingine.

Jeshi hili limepangwaje leo?

Juu kabisa yuko mkuu wa jeshi la anga na makao yake Roma, ndani ya jengo kubwa lililozinduliwa 1931 wakati wa Balbo. Chini yake kuna kamandi: ya vikosi vya kupigana, ya vifaa na matengenezo, na ya mafunzo, ambayo iko Bari. Ulinzi wa anga huongozwa kutoka Poggio Renatico, karibu na Ferrara.

Kitengo unachosikia zaidi ni *stormo*. Neno hilo kwa Kiitalia maana yake ni kundi la ndege, wale wenye manyoya. Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana sisi mashine na kiumbe tumevipa jina moja. Stormo huwa na uwanja wake na kwa kawaida hukusanya *gruppo* moja au zaidi, na gruppo nayo hugawanyika katika *squadriglia*. Stormo ya 4 ya Grosseto, ya 36 ya Gioia del Colle, ya 37 ya Trapani na ya 51 ya Istrana hurusha ndege za kivita aina ya Eurofighter na kulinda anga saa zote. Ya 6 ya Ghedi ndiyo nyumba ya Tornado na sasa F-35. Ya 32 ya Amendola ndiyo iliyotangulia kupokea F-35. Uchukuzi ni kazi ya brigedi ya 46 ya Pisa, ileile ya Kindu.

Jambo linalowashangaza wengi: utabiri wa hali ya hewa wa taifa, kwa miongo mingi, umekuwa kazi ya jeshi hili, na wanaoueleza kwenye televisheni ya taifa wamekuwa wakivaa sare.

Ndege za kijeshi hazimo katika jeshi hilo peke yake. Nchi kavu wana ndege zao tangu 1951, kitovu chao kikiwa Viterbo. Polisi wa Carabinieri na walinzi wa forodha nao wanazo zao.

Kwa nini jeshi la majini lilikaa miaka mingi bila ndege?

Kwa sababu jeshi la anga lilipoanzishwa 1923 lilipewa umiliki wa kila kinachoruka. Mussolini alisema Italia yenyewe ni manowari ya kubebea ndege isiyozama. Waliolipa gharama ya maneno hayo ni mabaharia. Novemba 1940 ndege 21 za Waingereza zilizotoka kwenye manowari zilipiga meli tatu kubwa za kivita bandarini Taranto usiku mmoja. Machi 1941, karibu na rasi ya Matapan, Italia ilipoteza meli tano na mabaharia zaidi ya 2,300, bila ulinzi wa maana kutoka juu. Pamoja na hayo, sheria haikubadilika mpaka Januari 1989, wakati manowari Giuseppe Garibaldi, iliyojengwa ili ibebe ndege, ilikuwa na miaka zaidi ya mitatu baharini ikibeba helikopta tu. Siku hizi manowari Cavour inabeba F-35.

Frecce Tricolori ni kina nani?

Ni kikosi cha maonyesho, chenye kambi Rivolto tangu 1961: ndege kumi, moshi wa kijani, mweupe na mwekundu. Tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein Ujerumani, ndege zao tatu ziligongana na moja ikaangukia watazamaji. Walikufa watu 70, marubani watatu wakiwemo. Kikosi bado kinaruka.

Wanawake wanaruhusiwa?

Tangu sheria ya 1999. Samantha Cristoforetti aliingia chuo cha Pozzuoli 2001, akawa rubani wa kivita, kisha mwanaanga. Mwaka 2022 aliongoza kituo cha kimataifa cha anga za juu, mwanamke wa kwanza wa Ulaya kufanya hivyo.

Yale majukwaa ya chuma baharini Ngomeni yanahusiana vipi na haya yote?

Yalikuwa wazo la Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga. Baada ya kusimamia satelaiti ya kwanza ya Italia, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 15 Desemba 1964, alitafuta mahali karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na ambapo upande wa mashariki kuna bahari tupu. Alipata Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita, yalisimikwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa heshima ya nchi na siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba kimojawapo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco Machi 1988. Majukwaa yamekaa kimya tangu hapo, ila kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio, bado kinapokea habari za satelaiti zinazopita juu ya pwani ileile iliyodondoshewa mabomu mwaka 1940.